Wasifu wa Bibi Aliye Hai

Mwaka ule nilikuwa najitolea kufundisha Kiswahili katika sekondari moja ya kata, si mbali na Kinampanda. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita tu. Ualimu nilijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na kwa kusimama karibu na madirisha nikiwasikiliza walimu wenzangu. Kwa hiyo niliogopa kila kitu. Niliandika andalio la somo, nikalichana, nikaliandika tena. Nikimaliza kuandika ubaoni, nilikwenda kusimama nyuma ya darasa nione kama mistari imenyooka. Wanafunzi walishazoea. "Madam anapima ukuta," walinong'onezana.

Tulipofika kwenye mada ya wasifu na tawasifu, nilihitaji mfano, na nilikuwa nao mmoja tu. Baba alipofariki, ndugu walisema mimi ndiye niliyesoma, niandike historia ya marehemu. Niliandika, baba mdogo akaisoma msibani, na watu wakaja kunishika mkono wakisema nimeandika vizuri. Nakiri kwamba katikati ya machozi nilifurahi. Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Basi nikaichukua ileile. Nikaondoa jina la baba, nikaondoa ugonjwa na mazishi, na iliyobaki nikainakili ubaoni kwa mwandiko wangu bora kuliko wote. Nikawaambia kidato cha pili wakamchague mtu mmoja nyumbani, waandike maisha yake kwa kufuata mpangilio ule. Anayetaka, aandike ya kwake.

Watoto wa huku wamehudhuria misiba mingi. Waliutambua mpangilio ule mapema, na nilichokiondoa mimi, wao walikirudisha.

Niligundua wakati wa kusahihisha. Alizaliwa, alibatizwa, akapata kipaimara, akabahatika kupata watoto. Enzi za uhai wake alikuwa mcheshi na mpenda watu. Ameacha pengo kubwa. Daftari baada ya daftari: akina mama, wajomba, hata mwenye duka la karibu na shule, wote marehemu. Kijana aliyechagua kuandika maisha yake mwenyewe alianza hivi: "Enzi za uhai wangu nilipenda sana mpira wa miguu." Nilicheka peke yangu ofisini, kisha nikaacha kucheka, maana nilijua wamejifunza kwa nani.

Msichana mmoja hakuleta daftari. Nilimwita nje.

"Daftari liko wapi?"

"Bibi amelichukua, madam."

"Kwa nini?"

Alitazama viatu vyake. "Nilimsomea. Nilidhani atafurahi."

Bibi huyo ndiye aliyemlea tangu akiwa mchanga. Msichana alimsomea jioni, bibi akipeta uwele, na akasoma yote, mpaka pale alipomwombea apumzike kwa amani. Bibi aliweka ungo chini, akaingia ndani. Tangu siku hiyo alikuwa hali chakula kilichopikwa na mjukuu wake. Alisema huo ni uchuro, na kwamba hawezi kukaa na mtoto anayesubiri kumzika. Muhula ukiisha, aende kwa mama yake mdogo Manyoni, akasome huko.

"Sitaki kwenda, madam," alisema. "Na bibi atabaki na nani?"

Jumamosi nilikwenda kwao. Nilikuwa nimeandika maneno ya kusema kwenye karatasi, na njia nzima katikati ya mashamba ya alizeti niliyarudia kwa sauti. Nilimkuta bibi ameketi nje kwenye kigoda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiyo, bibi."

"Umekuja peke yako? Wenzako wa kubeba jeneza wako wapi?"

Maneno yangu yote ya kukariri yalipotea. Nikamweleza tu ilivyokuwa: kwamba mtoto alifuata nilichomwonyesha, na nilichomwonyesha kilikuwa cha msiba wa baba yangu.

"Hayo maneno, baba yako aliyasikia?"

"Hapana, bibi. Alikuwa ameshafariki."

"Na alikuwa mcheshi kweli?"

Swali hilo sikulitegemea. Baba alikuwa mtu wa kunyamaza. Akitoka nyumbani, hufika njiani akarudi kuhakikisha kama mlango kaufunga. Kama mimi.

"Hakuwa, bibi."

"Ehee," alisema. Akamwita mjukuu wake kwa Kinyiramba, akamtuma ndani akalete daftari lililokuwa chini ya godoro. "Kaa hapo. Soma."

Msichana alisoma kwa sauti ndogo. "Bibi alikuwa mpole, aliishi vizuri na majirani wote..."

"Uongo. Yule wa ng'ambo mbuzi wake walikula mihogo yangu, mpaka leo namsalimia kwa kikohozi. Andika."

Msichana alinitazama, nikamwashiria aandike.

"Alikuwa mkarimu kwa wageni..."

"Hapo sawa. Lakini mweke na yule kuku."

Akatusimulia. Zamani alimpa mgeni zawadi ya kuku. Mgeni alipoondoka, ndipo bibi akagundua kwamba amempa tetea wake anayetaga. Alimfuata kwa miguu mpaka Misigiri, jogoo kwapani, wakabadilishana kuku stendi mbele ya abiria. "Mkarimu ndiyo," alisema, "mjinga hapana."

Msichana alicheka mpaka kalamu ikamdondoka. Alipoiokota aliandika haraka, sentensi zikipanda na kushuka kwenye ukurasa. Nilikalia mikono yangu nisimrekebishe.

Walipokaribia mwisho, msichana alifunika mistari iliyobaki kwa kiganja.

"Soma."

"Bibi, hapa..."

"Nimesema soma."

"Ameacha watoto na wajukuu."

"Nimemwacha nani?" Bibi aligeuka kumtazama. "Nakuuliza. Wewe nilikuacha lini?"

"Hujaniacha, bibi."

"Basi futa. Andika kwamba ana mjukuu anakaa naye."

"Hapahapa?"

"Kwani Manyoni kuna nini?"

Msichana alifuta mpaka karatasi ikatoboka, akaandika pembeni. Kisha akakimbilia jikoni, akarudi na ugali wa uwele na bakuli la mlenda. Alininawisha mimi kwanza, kwa kuwa ni mgeni. Halafu akasimama mbele ya bibi na jagi mkononi, asijue kama amimine au asimimine.

Bibi alinyoosha mikono. Maji yakamiminika, mengine nje ya beseni. Akamega tonge, akachovya, akala, huku sisi wawili tukimtazama mdomo.

"Mlenda hauna chumvi," alisema, akamega tena. "Na hilo liandike."