Begi Moja kwa Kila Mtoto

Mwalimu Winfrida wa darasa la tano si mtu wa kubahatisha. Mwaka mmoja, kabla sijahamia shule yetu ya Bangwe, alisafiri na wanafunzi na mtoto mmoja akasahaulika kwenye choo cha stendi. Walimkuta baada ya saa mbili, mzima kabisa, anatafuna muwa aliopewa na mama lishe. Mtoto aliyasahau siku ileile, lakini Winfrida hajayasahau mpaka leo. Tangu hapo kila safari yake huja na orodha, fomu, vitambulisho, tangazo la kwanza na tangazo la pili. Sisi wenzake tulimwita Bi Karatasi. Alijua, wala hakukasirika.

Kwa hiyo shule ilipopata nafasi ya kupeleka watoto arobaini kwenye makumbusho ya sayansi mkoa wa jirani, safari ya kwenda na kulala, hakuna aliyeuliza nani atawaandaa wazazi.

Kati ya hao arobaini, mmoja ndiye aliyekuwa moyoni mwake. Aliitwa Iradukunda, binti wa Warundi wawili waliopanga chumba nyuma ya shule. Baba yake, Hatungimana, alibeba magunia ya dagaa kwenye soko la Kibirizi. Mama yake, Spesiosa, alilima kipande cha shamba alichoazimwa. Siku moja mtoto huyu alimsimamisha Winfrida katikati ya somo akitaka kujua kwa nini sindano inazama na meli ya chuma pale bandarini inaelea. Winfrida akamwambia wataona kesho. Kesho yake mtoto akaja na jibu lake mwenyewe: alikuwa ameponda kizibo cha soda kwa jiwe, kikazama ndani ya ndoo, na kizibo kingine akakilaza bila kukiponda, kikaelea.

Huko makumbusho, Winfrida aliambiwa, kuna tangi kubwa la kioo lenye maji, la kuonyesha jambo hilohilo. Alitaka Iradukunda asimame mbele ya kioo kile. Alinitajia tangi hilo kila chai ya saa nne mpaka nikalichoka.

Mkutano wa wazazi ulikuwa Jumatatu. Winfrida alisimama na karatasi zake na kueleza kila kitu, kwa utaratibu wake ule. Kila mtoto aje na begi moja, lisizidi kilo kumi. Kila mtoto atapigwa picha na kuvaa kitambulisho shingoni. Nesi atakuja kuwapima wote kabla ya safari. Waje na chakula kikavu. Mzazi aandike majina ya watu wote wanaoishi nyumbani, maana dharura haipigi hodi. Basi litaondoka saa kumi na moja alfajiri Jumatatu ijayo. Mwisho akaisoma fomu kwa sauti: "Mimi, mzazi wa fulani, kwa hiari yangu mwenyewe, naridhia mtoto wangu asafirishwe."

Spesiosa aliinua mkono. "Mwalimu, na sisi wazazi tutafuata lini?"

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, sifichi. Winfrida alitabasamu, akamjibu kwa upole kwamba wazazi wanabaki, wanaosafiri ni watoto tu. Alidhani amemtoa wasiwasi. Spesiosa aliketi na hakuuliza tena.

Kufikia Alhamisi fomu thelathini na tisa zilikuwa zimerudi. Jioni hiyo Winfrida alinivuta mkono twende tukaifuate ya arobaini, nyumbani kwa kina Iradukunda.

Hatungimana alitukaribisha kwenye benchi lao, lilikuwa moja tu, yeye akasimama. Alizungumza polepole, akichagua maneno ya Kiswahili. Kule kwenye kambi ya wakimbizi walikokuwa zamani, alisema, kaka yake Minani naye aliambiwa abebe begi moja. Alipigwa picha, nesi akampima, akaweka kidole kwenye karatasi iliyoandikwa "kwa hiari yangu", na basi likaja alfajiri kuwarudisha yeye na wengine nchini kwao. Tangu siku hiyo hawajasikia sauti yake. Hakusema kaka yake alilazimishwa, wala hakusema kwamba hakulazimishwa. Yeye Hatungimana aliona vile, akamchukua mkewe na mtoto wakatoka kambini bila ruhusa ya mtu. Hana karatasi yoyote, na siku zote amekuwa akiomba Mungu asiulizwe.

Winfrida akafanya alichozoea kufanya: akatoa karatasi. Alimwonyesha orodha, mhuri wa shule, jina lake mwenyewe juu kabisa. Hatungimana hakulitazama jina la Mwalimu. Alitazama jina la binti yake lililochapwa kwa mashine, na chini yake lake na la mkewe.

"Basi nilifute," Winfrida alisema. "Nalifuta sasa hivi, mbele yako."

"Ukilifuta, Mwalimu, watauliza kwa nini limefutwa."

Winfrida akanigeukia. Mimi ni Muha wa Kasulu. Kiha na Kirundi watu wanasikilizana. Ningeweza kumweleza yule bwana, kwa maneno yanayokaribia ya kwao, kwamba haya ni mambo ya sindano na meli, hayana serikali ndani yake. Lakini nilikuwa na njaa, na niliona watu hawa wanajitia hofu bure, hofu itapita yenyewe. Nikasema kwa Kiswahili changu cha ubaoni kwamba ni safari ya shule tu. Najuta sentensi ile kuliko jambo lolote nililosema darasani miaka yote.

"Nimesikia, Mwalimu," Hatungimana alijibu. Spesiosa, aliyekuwa mlangoni, akaitikia ndiyo kwa Kirundi, "Ego."

Ijumaa asubuhi fomu ikaja, na alama ya dole gumba la baba mahali pa sahihi. Winfrida aliingia nayo ofisini akiipunga mbele ya uso wangu, anauliza nani sasa anacheka karatasi. Iradukunda alikuwa amemrudishia pia vitabu vyote vya shule, vimefutwa vumbi, ingawa muhula ulikuwa na wiki tano mbele. Winfrida akasema tazama mtoto aliyelelewa. Nikamkubalia.

Jumatatu basi lilifika kabla ya wakati. Winfrida aliita majina, akahesabu thelathini na tisa, akahesabu tena. Wazazi wengine walianza kunung'unika kwamba watoto wanachelewa kwa sababu ya mmoja. Hakuwasikiliza. Alikwenda nyuma ya shule akikimbia na viatu vyake vya safari, nami nikamfuata.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba, kwa nje. Jirani yao, Marcelina, alikuwa anafagia. Alisema wameondoka tangu Jumamosi, walimwambia wanakwenda msibani, kila mtu na begi moja. Akatuuliza kama tunaona vibaya yeye akivuna yale mahindi yao yasije yakaharibika.

Winfrida aliishika ile kamba, hakuifungua.

"Kile kidole," aliniambia, "waliweka ili tusiwatafute kabla hawajafika mbali."

Na tungewatafuta wapi, tumuulize nani, bila kuwataja kwa watu walewale wa serikali wanaowakimbia? Tulirudi kwenye basi na safari ikaendelea kama ilivyopangwa, kila kituo kwa dakika zake.

Tangi lilikuwepo kweli, kubwa, maji masafi, na meli ndogo ya bati pembeni. Kijana anayetembeza wageni aliwapanga watoto mbele yake, akainua sindano kwa mkono mmoja na ile meli kwa mkono mwingine, akauliza nani anaweza kueleza kwa nini hii inazama na hii inaelea.

"Iradukunda anajua," watoto walisema, karibu wote kwa pamoja.

"Vizuri. Iradukunda apite mbele."

Watoto wakamgeukia Winfrida. Alikuwa na orodha mkononi. Akaikunja na kuitia kwenye mkoba.

"Wewe endelea tu, mwanangu," alimwambia yule kijana.