Kurasa za Nyuma za Kitabu cha Ubatizo

Odessa Primus hakuwa mwepesi wa hasira, lakini akishakasirika hakuwa mtu wa kupozwa kwa kikombe cha kahawa. Jumapili ile ya mkutano mkuu wa mwaka wa kanisa la East Hadlow, jimbo la Connecticut nchini Marekani, waliomjua walikaa mbali naye kidogo.

Kisa kilikuwa kitabu cha ubatizo. Kitabu hicho kina umri mkubwa kuliko nchi yenyewe. Kiliandikwa enzi za mfalme wa Uingereza, kwa wino ambao sasa una rangi ya kutu. Mnara wa kanisa ulikuwa unavuja, na tajiri mmoja anayekusanya vitu vya kale alitaka kukinunua kitabu akakiweke kwake. Kamati ya kanisa ikaona imepata dawa ya mnara. Lyman Buell, mwenyekiti, alipita huku na huko akiwatuliza watu kwamba hakuna kitakachopotea. Bibi yake mzaa baba, marehemu Cornelia Buell, alikwishanakili kitabu chote kwa taipureta, na nakala ipo kabatini.

Eti chote! Odessa alifundisha historia shuleni hadi alipostaafu, na tangu hapo kila Alhamisi hushinda katika chumba cha nyaraka za kanisa. Hushika penseli, maana kalamu ya wino hairuhusiwi mle. Amejifunza mwandiko wa wachungaji wa kale herufi kwa herufi, hadi anamjua kila mmoja kwa mkono wake: huyu alikuwa na haraka, huyu bahili wa karatasi. Wachungaji wale walikuwa na desturi ya kukigeuza kitabu juu chini na kuanza kuandika upya kutoka nyuma. Mbele waliwaandika watoto wa wenye mashamba. Nyuma waliandika hesabu ya kuni za mchungaji na, katikati ya kuni hizo, watumwa waliobatizwa. Mmoja ni Dinah, ambaye ndiye chanzo cha ukoo wote wa Primus. Hana kaburi linalojulikana, na jina lake halikuandikwa mahali pengine popote.

Katika nakala ya Cornelia, Dinah hayumo. Hayumo mtumwa hata mmoja. Ungeweza kumtetea bibi wa watu kwamba hakujua kama kitabu kina nyuma, na Odessa alitamani sana iwe hivyo, kwani Cornelia ndiye aliyemlea katika shule ya Jumapili. Lakini kuni zimo! Kila mkokoteni wa kuni umenakiliwa. Mama yule alisoma ukurasa uleule, mstari kwa mstari, akachukua kuni akaacha watu.

Mkutano ulikaa katika ukumbi wa chini wa kanisa, huku harufu ya maharagwe ya kuoka ikiwatesa wenye njaa. Odessa alisimama akaeleza yote hayo. Lyman hakukasirika, na afadhali angekasirika, kwa sababu alitabasamu.

"Odessa, umenisaidia kweli. Mnunuzi anazijua hizo kurasa, na ndizo zilizopandisha bei. Bila hao watumwa asingetupa hata nusu."

Aliyasema hayo mbele za watu, bila haya, kama mtu anayemnadi ng'ombe wa maziwa.

"Sikiliza, Lyman," Odessa akasema. "Hawa walishauzwa, na pesa yao ikaliwa. Leo unataka kuwauza mara ya pili, tena kanisani?"

"Mama, hizi ni karatasi tu. Tusikuze mambo."

Kanisa lile halina askofu. Kila jambo huamuliwa na waumini kwa kunyoosha mikono, na mwenyekiti haitishi kura kabla ya kuisoma hoja kwa sauti, neno kwa neno. Tena muumini yeyote anaweza kuomba maneno ya hoja yarekebishwe. Odessa akaomba. Hoja ilitaja "kitabu kimoja cha kale"; yeye alitaka itaje kinachouzwa, jina kwa jina. Nani angesimama kupinga majina? Rekebisho likapita, na Odessa akampelekea Lyman karatasi ya hoja mpya, yenye majina aliyokuwa ameyanakili mwenyewe kitabuni.

Lyman akasoma haraka haraka, mawazo yake yako kwenye chakula. "Hoja ni kwamba kanisa hili liuze jina la Cato, mtumwa wa Kapteni Penfield. Liuze jina la Phillis, mtumwa wa mjane Ely. Liuze jina la Dinah na la mwanawe mchanga, watumwa wa..."

Akaisogeza karatasi karibu na macho, kana kwamba mwandiko umemshinda, ingawa Odessa aliandika kwa herufi kubwa za ubaoni.

"Malizia, Lyman. Desturi ni neno kwa neno."

"Watumwa wa Shemasi Buell," akasema kwa sauti ya chini.

"Huko nyuma hawajasikia."

Akarudia. Kisha akawaita wanaokubali wanyooshe mikono. Hakunyoosha mtu, naye mwenyewe alibaki ameishika meza kwa mikono yote miwili.

Watu wakaenda kula. Mama mmoja akaja kumpongeza Odessa kwa ushindi, akashangaa kumkuta bado amekunja uso. Odessa alimwambia haoni cha kushangilia. Majina ya watu wake yalisomwa mbele ya ukumbi mzima, na hakuna aliyeona aibu mpaka likasomwa jina la Buell.