Kuku wa Evelina Hawaugui

Mtaa mzima wa Pasiansi ulijua kwamba kuku wa Evelina hawaugui. Mafua yalipopita yakifagia mabanda ya jirani, yeye aliendelea kuuza mayai. Siri yake hakuificha: kila Jumatatu alifungua vidonge vya rangi mbili, vilevile wanavyomeza watu, akamimina unga wake kwenye maji ya kuku. Kuku walikuwa wazima. Ilikuwa kinga tu, na kinga ni bora kuliko tiba, si ndivyo tunavyoambiwa? Majirani walimtania kwamba kuku wake wanatunzwa kuliko mkwewe.

Wala hakuwa mchoyo. Samadi ya bandani aliigawa bure kwa kila mwenye tuta la mchicha kando ya ziwa. Mumewe, Masele, ndiye aliyeibeba na kuimwaga, tena peku, kwa kuwa mabuti yake ya mpira yalimchemsha miguu. Yalibaki yakining'inia msumarini nyuma ya mlango.

Jembe lilipomkata kidole cha mguu, Masele alicheka. Evelina akamnyunyizia kidondani unga wa rangi mbili, kama mama yake alivyokuwa akimnyunyizia yeye. Mguu ukavimba, ukawaka moto. Hospitalini wakamdunga dawa ya kwanza, wakabadilisha, wakabadilisha tena. Homa haikushuka. Masele, mtu wa kuangusha fahali kwa mikono, akafa kwa kidole.

Daktari, binti mpole, alimweleza kwamba usaha ulipopimwa ulikutwa na bakteria sugu, waliokwisha kuzizoea dawa. Evelina akabisha: mumewe hakuwahi kumeza hata dawa ya kichwa. Ndipo daktari akauliza kama wanafuga. Evelina akamsimulia habari za Jumatatu na za samadi.

"Mama, siwezi kuapa kwamba walitoka huko," alisema. "Lakini dawa ya kila wiki huwaua bakteria wanyonge, wanabaki wakorofi. Hao hutoka na kinyesi, wakakaa kwenye udongo."

Tangu hapo Evelina hana raha. Vidonge ameacha, lakini akisikia kuku wanavyogonga sahani ya maji kwa midomo, huziba masikio. Mchicha alioupanda Masele umestawi ajabu. Hauchumi. Anauogopa.

Jana Modesta, jirani wa tuta la pili, alikuja na ndoo kuomba samadi kama kawaida. Evelina akamkatalia, akamweleza yote. Modesta alimsikiliza kwa huruma, kama anavyosikilizwa mfiwa anayeweweseka. Mbona samadi ya zamani ipo tayari kwenye matuta, akasema, na watu wote wazima.

Hilo ndilo lililomchoma Evelina: ipo tayari. Hapakuwa na tuta pale ufukweni ambalo hakulipelekea zawadi yake. Akayatungua mabuti msumarini.

"Vaa haya, mdogo wangu. Nakuomba."

Modesta akarudi nyuma. Arobaini ilikuwa haijafika, ukoo ulikuwa haujakaa, na vitu vya marehemu havigawiwi na mtu mmoja.

"Dada, unataka Masele anifuate?"

Akayapokea kwa ncha za vidole, akayaweka kizingitini kwa heshima, akashuka kwenye matuta. Visigino vyake vilikuwa na magaga yaliyopasuka hadi nyama nyekundu ikaonekana. Evelina aliviona vikizama kwenye udongo mweusi, vikatoka, vikazama tena.