Ufunguo wa Nyumba ya Bati

Mwaka juzi, nikiwa foleni kwenye dirisha la ofisi ya shamba moja la mkonge, nilimwona karani akimkabidhi fundi wa mashine ufunguo wa nyumba ya bati. "Sharti ni moja tu," akasema. "Hata Jumapili asubuhi utawasha mashine."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Mkewe, mtoto mgongoni, akauchomoa ufunguo mkononi mwa mumewe, akaurudisha dirishani.

"Shikamoo, bwana karani. Jumapili ina mwenyewe, naye si meneja."

"Mama, mvua zinakuja, na makuti yenu yanavuja."

"Yanavuja, ndiyo. Tutahamisha kitanda. Ibada hatuhamishi."

Akaondoka. Mumewe akautazama ule ufunguo, kisha akamfuata.

Tangu hapo, mtu akiniambia Mungu kamjalia nyumba, namwuliza kwanza Jumapili asubuhi huwa wapi.