Tangazo la Jumamosi

Nilimaliza chuo miaka ya tisini nikarudi Homa Bay, na sikutulia hata siku moja. Meneja wa kiwanda cha samaki alikuwa Msabato, na vijana wa kuajiri aliwatafuta kanisani kwake tu, Jumamosi baada ya ibada. Sisi Wakatoliki tungesikia wapi? Tena mwalimu wetu wa kwaya alituonya tusikanyage huko.

Jumamosi moja niling'arisha viatu nikaenda, nikaketi mbele kabisa, miguu ikinichezacheza chini ya benchi. Mahubiri nayo hayaishi! Mwishowe meneja akasema, "Waliomaliza chuo wasimame."

Nikaruka juu. Kugeuka nyuma, kwaya yetu nzima imesimama, na mwalimu wetu katikati, anaangalia dari.