Mzee Eliamani Alipoinuka Kitini

Siku ile naikumbuka, mwanangu Eda, kuliko hata siku ya harusi yangu, baba yako anisamehe. Ilikuwa asubuhi ya Desemba, theluji mpya imeanguka, taa za Majilio zimewashwa kwenye madirisha ya mji mzima, nami nimekaa kwenye treni ya kutoka hapa mtaani kwetu Hagsätra nikiwa nimevaa koti la kuazima. Nilikuwa nakwenda mahakamani. Sikwenda kama wewe utakavyokwenda Alhamisi, umetengeneza nywele na umenyoosha mabega. Wewe unakwenda kuapishwa, mimi nilikuwa mshtakiwa.

Najua umeshtuka. Habari hii nimeiweka moyoni miaka yote hii, na huenda ningekwenda nayo kaburini kama si furaha niliyonayo. Tangu uliponiambia kwamba chama chako kimekupendekeza na halmashauri imekuchagua uwe nämndeman, yaani mzee wa baraza wa mahakama, mimi silali vizuri kwa raha. Nimeshampigia shangazi yako Bukoba mara mbili. Alidhani wazee wa baraza wa huku ni kama wa kwetu, wa kutoa maoni tu kisha hakimu akaamua apendavyo. Nikamweleza kwamba huku wewe na wenzako wawili mnakaa meza moja na hakimu, na kura yako ina uzito sawa na yake. Akapiga vigelegele kwenye simu hadi masikio yakaniuma.

Lakini Jumapili nilikuona. Vijana wa kanisani wamejaa moto wa uchaguzi wa Marekani, kila mmoja na simu yake, wanajua majina ya majaji wa kule kuliko majina ya mitume. Wakakuzunguka baada ya ibada. Wanataka Jumapili ijayo upande madhabahuni, uwekewe mikono, na uahidi mbele ya kanisa kwamba watu wa Mungu wakiletwa mbele yako utasimama upande wao. Wamarekani wanawauliza majaji wao hivyo hivyo, wakasema, kwa nini sisi tusikuulize? Njiani kurudi ukaniuliza kwa Kiswidi chako, ”Vad ska jag svara dem, mamma?” Niwajibu nini, mama. Nami nikajifanya natafuta funguo. Jibu langu ni hili, na ni refu, kwa hiyo kaa na chai yako.

Ulikuwa na miaka miwili. Baba yako alikuwa bado hajapata ruhusa ya kutufuata. Nilifanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, na nilikuwa naipenda, kwa sababu wale bibi walinifundisha Kiswidi kuliko darasa lolote. Mmoja wao alikuwa na mkufu wa dhahabu alioachiwa na mumewe. Jumamosi moja, kesho yake ikiwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, mkufu ukatoweka. Msimamizi wetu akasema mchana ule hakuna mwingine aliyeingia chumba kile isipokuwa Agripina. Agripina ndiye mimi. Mkufu haukuonekana kwangu wala kwa mtu yeyote, lakini kesi ikafunguliwa, na kabla haijasikilizwa ukapita karibu mwaka mzima.

Sikuuchukua, mwanangu. Hilo lisikusumbue hata kidogo. Lakini kibali changu cha kuishi kilikuwa cha muda, na nilijua kwamba nikitiwa hatiani kwa wizi wa mali ya mgonjwa, kazi imekwisha, pengine na nchi imekwisha, nami nitarudi Bukoba na wewe mgongoni nikiwa na jina la mwizi. Kwa aibu nilimwambia mtu mmoja tu, Mama Zawadi, rafiki yangu kutoka Bukavu, yule aliyekufundisha kula sombe, kisamvu cha kwao. Kanisani nilikuwa Dada Tumaini, jina langu la ubatizo wa ukubwani. La kwenye karatasi za serikali hakuna aliyelijua.

Sasa sikia kilichonipa tumaini lenyewe. Mwaka ule ule Mzee Eliamani alikuwa amechaguliwa kuwa mzee wa baraza. Alikuwa mtu wa Machame, mrefu, mpole, amefunga nati za malori kiwandani Södertälje hadi vidole vikapinda, na mzee wa kanisa letu. Usidhani alikuwa vuguvugu. Alipendekezwa na chama kidogo cha kihafidhina, cha watu wa Biblia, na juu ya ndoa, mimba na pombe alikuwa na msimamo ambao usingemtoa hata kwa winchi. Kama ninyi vijana mlivyo na simu zenu, yeye alikuwa na kanda za video.

Kanda zenyewe aliletewa na Ndugu Mutiso, Mkenya, kiongozi wetu wa maombi, mtu wa sauti na upendo mwingi. Shemeji yake wa Texas alikuwa akimtumia mahubiri. Tulikaa kwenye ukumbi wetu wa chini ya ghorofa, watu wazima thelathini na televisheni moja, tukimtazama mhubiri mwenye suti nyeupe akieleza kwamba kushika bunge si kitu, shikeni mahakama. Tulipiga makofi kana kwamba sisi tunapiga kura Texas. Halafu uchaguzi wenyewe ukaja, Wamarekani wakashindwa kukubaliana nani kashinda, shauri likapelekwa kwa majaji. Ndugu Mutiso nusura aruke dari. Akasimama akasema, ”Mnaona sasa? Mahakama ndiyo kusema. Na sisi hapa tayari tuko na mtu wetu ndani.” Kila mtu akamgeukia Mzee Eliamani. Mzee akakohoa tu, akaomba chai.

Jambo moja lilimkera Mutiso. Marekani jaji anaweka mkono juu ya Biblia, lakini mzee wetu alipoapishwa hapakuwa na Biblia wala jina la Mungu, aliapa kwa heshima na dhamiri yake. Mutiso akamuuliza kiapo gani hicho. Mzee akakisema chote kwa Kiswahili, polepole, maana alikuwa amekikariri: kwamba maskini atamtendea haki sawa na tajiri, kwamba hataipinda sheria kwa ajili ya undugu, wala ushemeji, wala urafiki, wala wivu, wala hofu, wala zawadi. Alipofika kwenye urafiki alituangalia mmoja mmoja. Kisha akasema yeye amemwona Mungu humo, na kama Mutiso hajamwona asome tena Mambo ya Walawi, pale panapokataza hukumu ya upendeleo. Tulicheka, likapita.

Mama Zawadi alipounganisha kesi yangu na kiti cha Mzee mahakamani, alinishika mikono jikoni kwangu. ”Ma chère,” akasema, ”Mungu ameisha kukutangulia kule ndani.” Tukaanza kufunga na kuomba kwamba siku yangu ikifika, Mzee Eliamani awe zamuni. Yeye tusimwambie. Tulitaka iwe muujiza mtupu.

Basi nikaingia ndani ya chumba cha mahakama, wakili wangu kijana ananionyesha kiti. Nikainua macho. Pale mezani alikaa hakimu, mwanamke mwenye miwani, pamoja na wazee wa baraza wawili nisiowajua, na upande wake mmoja, katika suti yake ya Pasaka, Mzee Eliamani.

Eda, sina maneno ya furaha niliyoisikia. Damu ilinirudi hadi kwenye kucha. Nilitamani kuimba. Nikaona nyumba yetu, nikaona kazi yangu, nikakuona wewe umevaa sare ya shule, ingawa shule za huku hata hazina sare. Naye akaniona. Uso wake ulibadilika, akatazama karatasi yenye jina la Agripina, akanitazama tena.

Akanyanyua mkono kama mtoto wa darasani. Akamwambia hakimu, kwa kile Kiswidi chake cha kiwandani, ”Huyu dada nasali naye kila Jumapili. Nimeshamwamini kabla hajafungua mdomo. Siwezi kukaa hapa.”

Akainuka. Akasukuma kiti chake vizuri ndani ya meza, akapita karibu nami hadi nikasikia harufu ya ile sabuni yake ya kahawia, hakunitazama, akatoka. Mlango ukafungwa.

Nilitamani ardhi inimeze. Mwanangu, nilimwita Mungu kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, nikamuuliza ananichezea mchezo gani.

Shauri likaahirishwa kwa saa chache hadi apatikane mwingine. Akaja mwanamke wa makamo, nywele fupi kama askari, kijimedali chekundu kwenye ukosi. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa wa chama ambacho kanisani tulikuwa tunakiombea kianguke, na kwamba haamini Mungu wala malaika. Siku ile sikujua. Niliona tu kwamba hatabasamu.

Msimamizi wangu akatoa ushahidi wake: hakuna mwingine aliyeingia chumba kile. Mwendesha mashtaka akaonyesha picha ya chumba iliyopigwa na polisi jioni ile ile. Wakili wangu akauliza maswali yake, hayakufika mbali. Ndipo yule mama wa nywele fupi akaomba picha aishike mwenyewe. Akaitazama muda mrefu. Kisha akauliza, ”Nani aliitundika ile nyota?”

Dirishani, juu kabisa, ilining'inia nyota ya karatasi yenye taa ndani. Bibi mwenye chumba alikuwa wa kiti cha magurudumu. Msimamizi akasema hajui. Yule mama akauliza kama asubuhi ilikuwepo. Msimamizi akafikiri, akasema asubuhi haikuwepo, na masikio yake yakaanza kuwa mekundu. Basi polepole ikatoka: mchana ule walikuja watu wa kujitolea kupamba nyumba yote kwa ajili ya Majilio, wakabadilisha mapazia, wakapanda ngazi kila chumba. Hakuwa amedanganya kwa makusudi. Watu wale alikuwa hawahesabu kama watu walioingia, kwa sababu wanakuja kila mwaka na ni watu wema. Mimi ndiye niliyehesabiwa.

Tukatolewa nje wajadiliane. Tuliporudishwa, hakimu akasoma, na neno moja nikalishika: friad. Nimeachiwa. Wakili akanipa mkono, nikaukataa nikamkumbatia, akawa mwekundu kuliko ile medali. Yule mama wa nywele fupi alikuwa anapanga karatasi zake. Akainua kichwa, akanipungia mkono kidogo sana, kama anafukuza inzi, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mtu aliyeniokoa sijamwona tena hadi leo, lakini kila Majilio unaponiona nahangaika na nyota ya dirishani hadi unaniambia ”lugn, mamma”, nitulie, ni yeye namkumbuka.

Nje, kwenye theluji, alisimama Mzee Eliamani na chupa yake ya chai. Alikuwa amesimama pale saa zote zile, miguu imekufa ganzi. Sikuhitaji kusema, aliona usoni. Tukalia wote wawili pale kando ya barabara, Waswidi wanatupita kwa adabu. Nilimuuliza, bado nina hasira kidogo, kwa nini aliniacha. Akanimiminia chai, akasema nimeze kwanza.

Jibu alilitoa Jumapili iliyofuata, kwa sababu Mama Zawadi alishindwa kuzuia ulimi. Ndugu Mutiso alisimama mbele ya watu wote, kwa uchungu wa kweli, akasema, ”Mzee, Mungu alikuweka pale kwa ajili ya huyu dada. Mbona ulitoka?”

Mzee Eliamani hakuwahi kukemea mtu hadharani. Siku ile alikemea, bila kupandisha sauti.

”Mutiso,” akasema, ”ningebaki, huyu dada angekuwa huru humu ukumbini tu. Kazini wangesema ameachiwa na mzee wa kanisa lake, na wangekuwa na haki kusema. Sasa amerudi kazini amenyoosha shingo. Na nikuulize na mimi. Siku mwanao atakaposimama pale, na mezani amekaa mtu anayelichukia kanisa, utataka abaki au ainuke?”

Mutiso akakaa. Kisha akasema, ”Ainuke,” na Mzee akamwendea akamkumbatia. Kanda za Texas tuliendelea kuzitazama, nisikudanganye, na Mzee aliendelea kupigia kura chama chake kile kile hadi tulipomzika. Lakini hakuna aliyesema tena ”mtu wetu ndani”.

Kwa hiyo, Eda, vijana wasikutishe, wala usiwadharau. Moto wao ni mzuri, mimi mwenyewe uliniwakia na bado naupenda. Wafuatilie uchaguzi wa Marekani, waombe, wabishane mpaka chai ipoe. Nawe kuwa na imani yako na chama chako wazi wazi, usijifanye huna. Jumapili panda madhabahuni uwekewe mikono, baraka haijawahi kumdhuru mtu. Wakikutaka uahidi, waambie ahadi yako umeshaitoa kwingine, kwenye kiapo cha mahakama, na kwamba imewahesabu na wao pia. Ukikaa pale mezani, sikiliza hadi mwisho hata yule ambaye sura yake imekuchosha. Angalia picha kwa macho yako. Uliza nani aliitundika nyota. Na akiingia mtu ambaye umeshamwamini kabla hajasema, au umeshamchukia, nyanyua mkono na utoke, hata kama macho yake yanakulilia.

Mungu wa babu zako wa Bukoba akupe masikio mapana, mwanangu. Akupe ulimi usiokimbia na uso usiomtisha mnyonge. Alhamisi nitakuwa nimevaa kitenge kipya, sitajali baridi.

Na ikitokea siku moja mshtakiwa anayeingia ni mimi mama yako, usinitazame mara mbili. Inuka, sukuma kiti vizuri, unipite. Unisubiri nje na chai.