Malimbuko Yaliyoachwa Kwenye Mche

Nakumbuka Jumapili moja ya mwezi wa nane, mwanangu, meza ya mbele kanisani ilivyojaa mboga hadi mchungaji akakosa pa kuweka Biblia yake. Ilikuwa siku ya malimbuko. Desturi yetu unaijua: tunda la kwanza la shamba haliliwi nyumbani, linapelekwa kwa Mungu. Wazazi wetu walitoka nayo Burundi, tukakua nayo kambini Tanzania, na tulipoletwa Marekani, hapa Buffalo, tukalima vipande vya ardhi nyuma ya nyumba hizi za mbao za West Side, tukaendelea nayo. Baada ya ibada mboga zile zilipikwa tukala wote, na wagonjwa wakapelekewa za kwao.

Nilikuwa kijana wakati huo, shemasi mpya, na kazi yangu ilikuwa kupokea malimbuko mlangoni. Shemasi mpya ana macho mabaya, huona haraka nani amekuja mikono mitupu. Bibi Yerusi alikuja mikono mitupu. Mwaka uliotangulia pia ilikuwa hivyo.

Wewe ulimjua akiwa tayari haoni vizuri, kwa hiyo nikueleze kidogo. Hakuwa bibi yangu wa damu. Kambini tulikuwa majirani, na mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyenipikia uji na kunifulia shati la shule. Hapa Buffalo, mbegu ya nyanya chungu tuliyokuwa tukipanda sote, zile intore zetu, ilitoka mkononi mwake.

Na nyanya chungu ndizo zilizokuwa zinatutesa. Ni mmea wa nchi ya joto, na joto la hapa halikai. Miaka ya kwanza tulizila mwezi wa nane. Baadaye zikasogea mwezi wa tisa, kisha ikawa jalidi, ile baridi ya alfajiri inayochoma majani, inazikuta zikiwa ndogo kama gololi. Ndugu zetu wa Louisville walituletea mbegu zao. Kule majira ya joto ni marefu, mmea haujui haraka. Tulipozipanda hapa zikatoa majani mapana ya kupendeza, matunda hakuna. Shemeji yangu wa Columbus alinicheka kwenye simu: "Nunueni dukani, jamani. Mtabishana na theluji mpaka lini?" Wengi walikuwa wameanza kukubaliana naye. Mwaka mmoja au miwili zaidi, na mbegu ile ingekuwa imetupotea.

Sasa watu walikuwa wamepita karibu na shamba la Bibi Yerusi, kwenye kiwanja kitupu kando ya nyumba ya binti yake huko mtaa wa Kensington-Bailey, wakaona matunda. Maneno yakaanza. Bibi anazo na haleti. Bibi anamnyima Mungu. Mchungaji hakupenda maneno yale, akaniambia, "Wewe ni kama mjukuu wake. Nenda ukamsikilize."

Nilikwenda na mfuko mkubwa, nikiwa na hakika kwamba nitarudi nao umejaa. Nilimkuta ameinama, anang'oa magugu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja na masikio, au umekuja na mfuko tu?"

"Vyote viwili."

"Basi uweke mfuko chini, huo hausikii."

Nikatazama nyuma yake. Miche michache ilikuwa imefungwa vitambaa kwenye shina, na juu yake zilining'inia nyanya chungu nyekundu, ngozi imeanza kukunjamana. Unajua sisi tunazila zikiwa bado nyeupe au kijani. Nikashindwa kujizuia.

"Bibi, hizi zimekuharibikia! Si ungezileta kanisani zikiwa nzuri?"

Aliinuka taratibu, akajifuta mikono kwenye kitenge. "Mwanangu, nyinyi mnachuma mche gani wa kwanza?"

"Ule uliotangulia kuzaa."

"Mnaupeleka kanisani, mnaula. Na mbegu mnatoa wapi?"

Nilijua jibu. Mbegu tulitoa kwenye yale yaliyobaki mwishoni, yasiyoiva vizuri, kwenye miche iliyochelewa kuliko yote.

"Mnakula wenye haraka, mnazalisha wavivu," akasema. "Halafu mnashangaa watoto wao wanalala. Kila mwaka mnaifundisha mbegu kuchelewa, na jalidi haimngoji mtu. Mimi mche unaotangulia naufunga kitambaa, siugusi mpaka matunda yawe mekundu. Nina njaa nazo kuliko wewe, usidhani."

Kisha akaniambia lile lililoniuma. "Na mtu akinung'unika juu ya mwanamke mzee, wewe uliyekula uji wake unabeba mfuko, unakuja kudai. Ungeanza kwa kuuliza."

Nililia kidogo, mwanangu. Akaniacha nilie, akaendelea na magugu yake.

Nilipomweleza mchungaji, hakusema Bibi ni mkosaji, wala hakusema hana kosa. Alikuwa mtu wa kiwandani kama sisi, baba yake mkulima, jambo la mbegu hakuhitaji kufafanuliwa mara mbili. Akaenda mwenyewe, nikamfuata.

"Mama, kuhusu mbegu umesema kweli," akamwambia. "Lakini malimbuko hayakai nyumbani kwa mtu mmoja. Ukiyafungia ndani, yana tofauti gani na akiba yako?"

Bibi alitikisa kichwa. "Wataila. Nikiwapa, wataila."

"Labda. Tuwajaribu watu wa Mungu."

Jumapili iliyofuata aliingia na sahani ya matunda mekundu yaliyokunjamana. Mtu nyuma akanong'ona, "Mabovu hayo!" na vijana wakacheka. Mchungaji aliomba juu ya sahani ile, kisha akaagiza kisu na bakuli la maji. Tuliyapasua mbele ya watu wote, tukaosha mbegu, tukazianika kwenye gazeti, na kila nyumba ikabeba za kwake. Bibi alisimama mlangoni akimwonya kila aliyepita: "Zikianza kuzaa usinidanganye kwamba umesahau kufunga kitambaa."

Majira ya baridi yaliyofuata, hita ya nyumba ya binti yake iliharibika wakati miche imeshaota dirishani. Yote ikafa, na mbegu hakuwa ameweka nyingine, alikuwa ameipanda yote. Nilimkuta amekaa na koti ndani ya nyumba. Nilirudi West Side nikapita nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyekuwa ameila wala kuitupa mbegu; kila nyumba ilikuwa na miche dirishani. Mama mmoja alimpa miche yake mizuri kuliko yote, mzee mmoja aliyehamia kitongoji cha Kenmore akaleta mingine kwenye gari, ameifunika blanketi kama mtoto mchanga. Bibi aliipokea akaipanda, na mwaka ule alikuwa wa kwanza kuchuma.

Tumemzika mwezi wa pili uliopita, ardhi ikiwa ngumu. Sikuweza kusema kitu makaburini. Ndiyo maana nakuandikia wewe, ingawa najua utanijibu kwa Kiingereza.

Sitakudanganya kwamba tunajilisha wenyewe. Unga, mafuta, hata sombe, yale majani ya muhogo, tunanunua, na mshahara wa kiwandani ndio unaolipa. Lakini nyanya chungu zetu sasa tunazila kabla ya mwezi wa nane kwisha, na hata maduka yakifungwa hatuzikosi.

Nasaha yangu ni hii. Usile ulicho nacho kizuri chote kwa sababu ni kizuri. Hicho ndicho cha kupanda. Chakula kilichozoea mahali pengine kifundishe mahali ulipo, na ukubali kwamba kufundisha kunachukua miaka. Ulichokihifadhi kigawe mapema, ungali una nguvu ya kukigawa, maana nyumba moja haitoshi kukitunza. Na ukimwona mzee anafanya jambo usilolielewa, mwulize kabla hujamhukumu, akiwa bado yupo wa kukujibu.

Mungu akushibishe, mwanangu. Akupe majirani wanaogonga mlango wako wakiwa wamebeba kitu, na wewe akupe cha kuwapelekea. Amina.